Kwa miguu katikati ya mizabibu ya Alsace

Jumatatu: Sélestat hadi Saint-Hippolyte

Treni ya asubuhi kutoka Strasbourg imetushusha Sélestat jua likiwa bado la upole. Tuko wawili: mimi na wifi yangu, mke wa kaka, mzaliwa wa Bukavu aliyekaa Ufaransa muda wa kutosha kubishana na karani wa stesheni na kumshinda. Yeye ndiye mwenye Kifaransa, mimi ndiye mwenye ramani. Tunafuata mguu wa milima ya Vosges, hapa Alsace, mashariki mwa Ufaransa, kuelekea kusini, kijiji hadi kijiji, mpaka Eguisheim, halafu Colmar na treni ya kurudi nyumbani. Hakuna hoja kubwa nyuma ya safari hii. Nimekulia kwenye zabibu, Hombolo kule Dodoma, na baba bado ana shamba lake. Nilitaka tu kuona wenzetu wanavyohangaika.

Njia haina taabu kuifuata. Chama cha watembeaji wa milima hii, Club Vosgien, kimekuwepo tangu 1872, na wanachama wake ndio wanaopaka alama kwenye miti na mawe: msalaba wa manjano, duara la buluu, mstatili mwekundu. Unachagua alama yako na kushikamana nayo. Ukitembea dakika kumi hujaiona, rudi ulikotoka.

Kutoka Kintzheim mizabibu inaishia, msitu unaanza, na mlima nao unaanza kudai haki yake. Wifi alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu Strasbourg. Juu kabisa, mita 757, kuna ngome ya Haut-Koenigsbourg, ya mawe mekundu, yenye minara na madaraja ya kuinua, na wageni wanashushwa na mabasi wakiwa wakavu huku sisi tunavuja jasho.

Ngome hii inatajwa katika maandishi tangu 1147. Waswidi waliichoma 1633, ikabaki gofu zaidi ya miaka 250. Mwaka 1899 mji wa Sélestat ukaitoa zawadi kwa Kaiser Wilhelm II, maana wakati huo Alsace ilikuwa mali ya Ujerumani, na kuanzia 1900 hadi 1908 msanifu wake Bodo Ebhardt akaijenga upya. Kwa hiyo sehemu kubwa ya "zama za kati" inayopigwa picha hapa ina umri wa karne moja na kidogo.

Niliisoma hiyo miaka kwenye kibao mara mbili. Kaiser ni yuleyule. Mafundi walipokuwa wanachonga milango ya ngome yake, kwetu ilikuwa Maji Maji. Februari 27, 1906, majemadari wa Kingoni walinyongwa Songea, na majeshi ya Kaiser yakachoma maghala na mashamba kusini nzima mpaka njaa ikamaliza kazi ambayo risasi hazikuimaliza. Ukumbini kuna tai wake mkubwa amechorwa darini. Nilimtazama yule tai hadi shingo ikauma, nikatoka nje kutafuta hewa.

Nje kuna mandhari ya kulipia: tambarare ya mto Rhine imelala chini yetu, na ng'ambo yake Msitu Mweusi wa Ujerumani. Vosges na Msitu Mweusi zamani ilikuwa safu moja ya milima, ardhi ya katikati ikadidimia. Ni bonde la ufa, kazi ileile iliyofanyika kwetu kutoka Manyara kwenda juu.

Tumeshuka Saint-Hippolyte magoti yakitetemeka. Eneo hili lote linasifika kwa mvinyo mweupe, ila kijiji hiki kinajivunia mwekundu wake wa zabibu aina ya pinot noir. Chakula cha jioni ni tarte flambée, mkate mwembamba kama karatasi wenye krimu, vitunguu na vipande vya nyama ya nguruwe, unatoka kwenye tanuri la kuni ukiwa umeungua pembeni. Tumekula wa pili.

Jumanne: Saint-Hippolyte hadi Ribeauvillé

Siku ya zabibu. Tumetoka mapema na muda si mrefu tukawa ndani ya mashamba kabisa, safu kwa safu zikipanda kilima. Ni Juni, mizabibu inachanua. Asiyelima hatajua, kwa sababu ua lenyewe si la kuonyesha wageni: kifuniko kidogo cha kijani kinadondoka, vinabaki vinyuzi vyeupe vya ukubwa wa kichwa cha pini, basi. Lakini harufu ipo, tamu na nyepesi, inakuja na upepo na kuondoka. Wakulima wa hapa huhesabu kama siku 100 kutoka maua hadi mavuno.

Karibu na Rorschwihr tulikuta mzee na binti yake wakiinua nyaya. Kila safu ina jozi za nyaya zinazohamishika. Machipukizi yakirefuka na kuanza kulala ovyo, unashika waya wa kushoto na wa kulia, unazipandisha pamoja hadi kwenye msumari wa juu kwenye nguzo, na njiani zinakusanya matawi yote yasimame wima. Kisha unabana nyaya mbili kwa kibanio kidogo, unasogea nguzo inayofuata. Binti alikuwa anafanya hivyo bila kuangalia mikono. Mzee alifuata nyuma akipukuchua vichipukizi vya chini kwenye shina kwa kidole gumba. Safu moja imelimwa, ya jirani imeachwa na nyasi, ili udongo usishuke wote na mvua na tingatinga dogo lipate pa kukanyaga. Kwenye majani kulikuwa na vumbi la manjano. Sikuhitaji mkalimani: salfa, dawa ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu. Na madoa ya buluu ni shaba, kwa ubwiri wa aina nyingine, ubwiri vinyoya.

Nilipomwambia wifi awaeleze kwamba hata sisi tunalima, mzee alisimama.

"Dada, huyu mzee anauliza kwenu munavuna mwezi gani."

"Mwambie mwezi wa tatu, halafu tena mwezi wa nane mpaka wa tisa."

Alitafsiri. Mzee akamwita binti aje asikie. Akauliza swali lingine.

"Anauliza, sasa ule muzabibu unalala wakati gani?"

"Haulali. Hatuna baridi ya kuulaza. Tukishavuna tunaupogoa, unaanza upya."

Mzee akawaza, akasema sentensi moja, na wifi akacheka hadi akashika nguzo. "Anasema huo muti wenu munauonea."

Sikuwa na jibu. Hapa mzabibu unapumzika miezi mitano ya baridi na shina la miaka 40 au 50 ni la kawaida. Nitamfikishia baba shutuma hiyo.

Bergheim tumefika saa sita. Kuta zake za zamani bado zinaizunguka karibu yote, na nje ya lango la juu kuna mti wa lindeni ambao wenyeji wanasema ulipandwa 1300 hivi. Nao ulikuwa umechanua, nyuki wamejaa. Zamani mji huu ulikuwa na haki ya kumpa hifadhi mtu aliyeua bila kukusudia: ukiwahi kuingia langoni kabla ya wanaokufukuza, umepona. Karibu na lango kuna sanamu ya jamaa anayewaonyesha wafukuzaji wake makalio. Wifi alikataa kupigwa picha naye. Lakini mji huohuo, kati ya karne ya 16 na ya 17, uliwachoma moto wanawake kwa tuhuma za uchawi, na nyumba yao ya kumbukumbu ipo mita chache kutoka kanisani. Hifadhi ilikuwa na mipaka yake.

Juu ya mji, njia inapita makaburi ya wanajeshi wa Kijerumani wa vita ya pili, zaidi ya 5,000, misalaba mizito ikitazama mashamba. Baadhi ya minara ya kumbukumbu vijijini huku imeandikwa tu "Kwa wafu wetu", bila ile kauli ya kawaida ya "waliokufa kwa ajili ya Ufaransa". Wifi ndiye aliyenieleza sababu, kwa kuwa mnara wa Strasbourg anaupita kila siku akienda kazini: mama amewashika wanawe wawili wanaokufa, na wanawe wako uchi, hawana sare. Alsace ilichukuliwa na Ujerumani 1871, ikarudi Ufaransa 1918, ikachukuliwa tena 1940, ikarudi 1945. Kuanzia 1942 vijana kama 100,000 wa Alsace waliingizwa jeshi la Hitler kwa nguvu. Utamwandika nani amekufa kwa ajili ya nani?

Ribeauvillé usiku. Miguu kwenye beseni.

Jumatano: Ribeauvillé hadi Beblenheim

Ribeauvillé ina magofu ya ngome tatu juu yake, na sikupanda hata moja. Nilichotaka ni jengo la ushirika wa wakulima, ulioanzishwa 1895, mkongwe kuliko shirika lingine lolote la mvinyo Ufaransa. Kwa nje ni jengo la kawaida lenye maegesho ya magari. Nilisimama pale kama mahujaji wengine wanavyosimama kanisani.

Hunawihr ni mwendo mfupi. Kanisa lake limejengwa juu ya kilima katikati ya mizabibu, limezungushiwa ukuta wa vita, na tangu 1687 Wakatoliki na Waprotestanti wanalitumia kwa zamu. Wifi, ambaye ni mlokole wa kindakindaki, alisimama mlangoni akisoma ratiba. "Bukavu wangegawana mpaka matofali," alisema.

Na korongo weupe! Wapo juu ya mabomba ya moshi, juu ya mnara, juu ya nguzo, makinda yakigonganisha midomo kwa kelele ya vijiti. Katikati ya miaka ya 1970 Alsace nzima ilikuwa imebakiwa na chini ya jozi 10. Ukame wa Sahel uliwaua walikokwenda kukimbia baridi, nyaya za umeme zikawaua njiani, na mabwawa ya kulia vyura yakakaushwa. Mwaka 1976 kikafunguliwa kituo hapa Hunawihr cha kuwazalisha, na leo jozi ni mamia. Hawa huvuka kwa Gibraltar kwenda Afrika Magharibi. Wale tunaowaona kwetu wakifuata trekta mashambani ni wa mashariki, wanaopita Bosporus na Mto Nile.

Halafu Riquewihr. Niseme wazi, ni pazuri kupita kiasi. Mnara wa Dolder ni wa 1291, barabara ni ya mawe, nyumba zina rangi ya haradali, samawati, waridi, na maua kwenye kila dirisha. Vita haikuigusa. Na kila mlango wa chini ni duka: biskuti, korongo wa kitambaa, mapambo ya Krismasi mwezi wa Juni. Tulisukumana hadi mwisho wa mtaa tukageuka. Kitu pekee kilichonikaa ni ukuta wa uchochoroni uliobanduka plasta: fremu ya miti mizito, katikati fito zilizosukwa, na udongo uliochanganywa na majani makavu. Ukiondoa rangi na bei, ni tembe la bibi yangu lililoongezwa ghorofa.

Vyumba vya Riquewihr si vya mfuko wetu. Tumelala Beblenheim, juu ya ghala la mkulima, sakafu yote inanuka mvinyo.

Alhamisi: Beblenheim hadi Kaysersberg

Leo sitaandika kwa utaratibu.

Ukitoka Beblenheim unafika Mittelwihr, na hapo kuna ukuta wa maua. Wakati wa ukaliaji wa Wajerumani bendera ya Ufaransa ilikuwa marufuku, na wanakijiji wakapanda maua ya buluu, meupe na mekundu yakaning'inia ukutani. Unaweza kumkamata mtu kwa bendera, lakini maua utayashtaki kwa lipi? Bado yanapandwa.

Bennwihr ipo pua na mdomo na Mittelwihr, na mtu aliyetoka Riquewihr jana atadhani amekosea njia. Hakuna fremu za mbao. Nyumba zimenyooka, kuta pana, kanisa la zege lenye vioo vya rangi upande mzima. Desemba 1944 mapigano yalikisawazisha kijiji hiki na ardhi. Vivyo hivyo Sigolsheim, vivyo hivyo Ammerschwihr. Kilichobaki ni mizabibu yenye vyuma na mabomu ya kutegwa ndani yake. Baada ya vita wakulima hawakuwa na mapipa, hawakuwa na mashine za kukamulia, wengine hawakuwa na paa, na mtu mmojammoja asingeweza kununua vyote hivyo. Wakaungana kwenye ushirika, mashine moja kwa wote.

Watalii hawashuki hapa. Tulikunywa kahawa kwa bei ya binadamu, na mama wa mgahawa alikaa na wifi nusu saa kulalamikia binti yake aliyehamia Lyon. Mimi nilikipenda kijiji hiki kuliko vyote, na najua wengi wataniona sina macho. Riquewihr ilipona kwa bahati. Bennwihr ilibidi watu waamke asubuhi na kuamua waanze na nini, shamba au nyumba, na mitaa bado inaonyesha walivyoamua: milango ya maghala ni mikubwa kuliko ya sebule.

Juu ya Sigolsheim tulipanda kilima kinachoitwa Blutberg, Mlima wa Damu. Kileleni, katikati ya mizabibu, kuna makaburi ya wanajeshi zaidi ya 1,500 wa Jeshi la Kwanza la Ufaransa lililoongozwa na Jenerali de Lattre de Tassigny. Yamepangwa kwa ngazi nusu duara. Upande mmoja ni misalaba. Upande mwingine ni mawe ya Kiislamu yenye mwezi na nyota, na ni mamia: vijana wa Moroko, Algeria na Tunisia, walioletwa kupigana kwenye theluji ya Januari kukomboa vijiji ambavyo majina yake pengine hawakuweza kuyatamka. Colmar ilikombolewa Februari 2, 1945. Tulisoma majina kwa sauti, safu moja, mimi na yeye kwa zamu. Baadhi ya mawe hayana jina.

Wifi alikaa chini kwenye ngazi. "Babu yangu naye alienda na Wabelgiji," alisema, "mpaka Abisinia. Hakuna jiwe." Sikujua hilo. Miaka yote hii ndani ya familia moja, sikujua.

Kaysersberg tumefika jioni, hatukuongea sana, tukala supu.

Ijumaa: Kaysersberg hadi Turckheim

Mvua kidogo asubuhi, ikakatika. Huku hainyeshi sana: mawingu ya Atlantiki yanamwaga maji upande wa pili wa Vosges, na Colmar hupata kama milimita 600 tu kwa mwaka, karibu sawa na Dodoma. Sisi tunaipata yote kwa mkupuo mmoja kati ya Desemba na Aprili, wao wanagawiwa mwaka mzima. Hapo ndipo wametuzidi.

Kaysersberg ndipo alipozaliwa Albert Schweitzer, Januari 1875, yule daktari wa hospitali ya Lambaréné huko Gabon aliyepewa Nobeli ya Amani ya 1952. Kwa kuwa Alsace ilikuwa ya Ujerumani, vita ya kwanza ilipoanza Wafaransa walimweka chini ya ulinzi hukohuko Gabon kama raia wa adui. Wengine wanamwona mtakatifu, wengine bwana mkubwa wa kikoloni aliyewaita Waafrika wadogo zake. Mimi nipo karibu zaidi na hao wa pili, ingawa wagonjwa waliotibiwa hawakuniomba maoni.

Njia ya leo ndiyo nzuri kuliko zote kwa mguu: Ammerschwihr, halafu Niedermorschwihr ambako mnara wa kanisa umejisokota kama mtu anayegeuka kuitika, halafu mashamba ya granite yenye mteremko ambao tingatinga linashushwa kwa kamba. Mavuno ya miteremko hii bora ni ya mikono, sheria inataka hivyo.

Turckheim ina mlinzi wa usiku. Saa nne usiku, kuanzia Mei hadi Oktoba, anatoka na taa, mkuki na kofia pana, anazunguka mji akiimba. Ni maonyesho, ndiyo. Lakini wazee wa mji walikuwa madirishani wakimsikiliza.

Jumamosi: Turckheim hadi Eguisheim

Mwendo mfupi kupitia Wettolsheim. Eguisheim imejengwa kwa duara: mitaa inazunguka katikati, tumepita kwenye duka moja la mikate mara tatu. Papa Leo IX alizaliwa kwenye ukoo wa mabwana wa hapa mwaka 1002. Mwaka 2013 Wafaransa waliipigia kura kuwa kijiji wanachokipenda kuliko vyote, na msongamano ni kama Riquewihr.

Tuliingia kwa mkulima mwanamke anayeuza mwenyewe. Mimi nilionja riesling, pinot gris, gewurztraminer. Wifi alipewa juisi ya zabibu na akabaki kutafsiri sifa za mvinyo ambao hajawahi kuutia mdomoni, kwa ufasaha wa kutisha: "Anasema huu una ndimu, na mawe." Nilimpigia baba simu hapohapo nikamwonyesha mapipa kwa video.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Waulize kilo wanauza bei gani."

Wifi akauliza. Mkulima akatikisa kichwa: yeye hauzi kilo, anauza chupa. Analima, anakamua, anajaza, anabandika lebo, yote kwenye uwanja huu. Na tangu 1972 sheria inataka mvinyo wa Alsace ujazwe chupani hukohuko Alsace, usisafirishwe kwenye matangi ukajazwe kwingine.

Nikamweleza baba. Yeye ni mtu ambaye kuna mwaka vichala vilimwozea shambani akisubiri lori la mnunuzi lililoahidi kuja. Alinyamaza nikadhani mtandao umekata.

"Upo baba?"

"Nipo. Muulize hizo chupa tupu ananunua wapi, na kwa pesa ngapi."